Kipimo cha Kidole

Manga, 21 Aprili 1968

Baba Kemuma,

Barua yako ilifika kwa mkono wa Mwalimu Makori, ikiwa imefunguka pembeni. Anasema ilifunguka yenyewe. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndicho tulichofundishwa kuandikia. Ya pili, mama yako huchukua kila karatasi yenye Ekegusii akampa mtoto wa jirani amsomee. Kiswahili humchosha kwenye mstari wa pili.

Kile kichwa ulichoniachia hakifai. Unakumbuka niliporudi kutoka mafunzo ya walimu wa ngumbaru mjini Kisii, nikakuonyesha kikaragosi cha soksi. Ulisema soksi haina uso, ukaenda kwa mjomba wako kule Tabaka wanakochonga mawe, ukaja na kichwa cha jiwe. Ni kizuri, kila mtu amekisifu. Lakini juzi tulicheza mbele ya darasa langu la wazee, na baada ya dakika tano mkono wangu ukaanza kushuka. Kikaragosi kikawa kama mtu anayesinzia kanisani. Wazee walidhani ndio mchezo wenyewe, wakacheka sana. Mimi sikucheka, bega linaniuma hadi leo.

Ni Mgusii peke yake anayeweza kumchongea mkewe kichwa cha jiwe akivae kidoleni.

Tafadhali chonga vingine kwa mti mwepesi. Narudia jinsi mkono unavyokaa, ili ujue unachonga nini. Kidole cha shahada kinaingia ndani ya shingo. Gumba linaingia mkono mmoja wa gauni, kidole cha kati mkono wa pili. Viwili vilivyobaki unavikunja kiganjani, havina kazi. Makori anajaribu kutumia vyote vitano na kikaragosi chake kinaonekana kama kina ugonjwa.

Sasa tuko watatu: mimi, Makori na Loice, yule mwimbaji wa Kiogoro. Pazia ni shuka letu lile la buluu. Nimelitoa kitandani kwa kuwa halina kazi nyingi siku hizi.

Nyanchera


Elburgon, 12 Mei 1968

Mama Kemuma,

Mjomba akisikia jiwe la Tabaka limekataliwa, atakuja kudai mbuzi aliyemtoa kwenye harusi yetu. Usimwambie.

Huku kiwandani mabaki ya podo yanatupwa kila siku. Ni mti mwepesi, haupasuki ovyo. Msimamizi ameniruhusu kuchukua vipande. Mchana ninasukuma magogo kwenye msumeno wa mashine, na kazi ikiisha ninakaa mlangoni na kisu changu mpaka mwanga uniishie. Vichwa vinne viko tayari. Utavipata kwa kondakta wa basi, kwenye mfuko wa unga.

Ile kamba ya katani niliyokupimia kidole ninayo. Imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda, fundo likitazama chini. Ombui, mtu wa Nyacheki tunayelala naye chumba kimoja, aliuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni kidole cha mke wangu. Usiku huo alisali mara mbili.

Kila tundu nimelipima kwa fundo hilo. Vikikubana, niandikie. Vikilegea, ujue umekonda.

Nilisema miaka miwili na sijabadili. Nikipata patasi kamili na randa mbili, ninarudi, tunafungua karakana Nyamira. Mimi nachonga, wewe unacheza, na siku za soko nitasimama nyuma ya pazia pamoja nawe. Mwambie Baba hivyo kupitia kwa Mama.

Obadiah Nyamongo


Manga, 29 Septemba 1968

Baba Kemuma,

Vichwa vyote vinne vinakaa kidoleni kama vilimea hapo. Makori amejaribu kuvivaa na kidole chake kimekwama kwenye kiungo cha kwanza. Tulimpaka mafuta. Imebidi afungue tundu la viwili kwa msumari wa moto, vile vya wanaume anavyochezesha yeye.

Mchezo unaopendwa ni ule wa Mzee Majani Manne. Huyo ni mkulima anayechuma chai majani manne badala ya mawili na chipukizi, halafu anashangaa kikapu chake kinapokataliwa kituoni. Tuliucheza Nyacheki penye wakulima wa chai wenyewe. Mwanamume mmoja akainuka akasema, “Mmenisema mimi. Nani aliwatuma?” Kikaragosi kikamjibu, “Niletee kikapu chako nikione.” Akaketi.

Hatuchezi Sabato. Hata hivyo Mzee Manasseh wa kanisa alikuja kuniambia kuwa nachonga sanamu, na amri ya pili naijua. Nilikivua kikaragosi gauni, nikampa mkononi. Nikamwambia kichwa ni mti na kilichobaki ni kitambaa, aniambie Mungu amekasirikia kipi. Alikivaa ili akikague. Baada ya muda kidogo nikamwona anakitikisia kichwa, nacho kinamtikisia. Alikirudisha haraka. Amesema tusikilete kanisani, basi.

Tunahitaji kichwa cha kijana aliyeoa. Chonga uso wako, kwa kuwa ndio unaoujua. Sababu nyingine nadhani unaijua.

Nyanchera


Elburgon, 3 Novemba 1968

Mama Kemuma,

Uso huo hapo. Nimetumia kioo cha Ombui cha kunyolea, ndiyo maana jicho moja limekuwa dogo. Kioo kina ufa. Pua nimeipunguza kidogo, usimwambie Mama.

Krismasi niko nyumbani siku tisa. Ombui anakusalimu. Anasema akiniona nikijichonga mwenyewe anaogopa kulala.

Obadiah Nyamongo


Manga, 9 Februari 1969

Baba Kemuma,

Siku tisa ziliisha siku ya tano, ulipoanza kutazama mfuko wako.

Kile kichwa chenye uso wako Makori hawezi kukivaa, nami nimekataa kitobolewe kwa msumari. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuchezesha. Natoa sauti nzito. Loice anasema nakuiga vizuri mpaka ile namna yako ya kukohoa kabla ya kusema jambo usilolipenda.

Kemuma amejua ni uso wako. Asubuhi huenda kwenye sanduku la vikaragosi, anafungua, anakuamkia “Bwakire, Tata,” anafunga, kisha ndio anakunywa uji. Wanawake wa huku juu wameliona hilo na sasa wanasema nimemfungia mume sandukuni ndiyo maana hakai nyumbani. Nimewaambia sanduku halina kufuli, aje anayetaka kumtoa.

Jana nilipokuvaa nikaona kuna alama ya kisu chini ya sikio la kushoto, ndogo, kama umesita. Sijui ulikuwa unafikiri nini ulipofika hapo. Ningependa kujua.

Nyanchera


Elburgon, 28 Septemba 1969

Mama Kemuma,

Naomba radhi kwa miezi minne ya kimya. Kazi imebadilika. Nimetolewa kwenye msumeno, nimepewa kazi ya langoni, kuandika magari yanayoingia na kutoka. Si ngumu.

Barua zako tatu nimezipata. Vichwa ulivyoomba, cha nesi, cha chifu na cha mama mzee, vinakuja na basi wiki hii.

Salamu kwa wote.

Obadiah Nyamongo


Manga, 19 Oktoba 1969

Baba Kemuma,

Nafurahi uko langoni. Ule msumeno sikuupenda hata kwa kusikia.

Vichwa vimefika. Tundu ni pana. Nimejaza vitambaa ndani na bado kichwa cha chifu kilianguka katikati ya mchezo huko Kiogoro, kikabingirika hadi miguuni mwa chifu mwenyewe. Alikiokota akakitazama sana. Bahati nzuri ni mtu wa mzaha. Alisema, “Hiki kinachoka kabla yangu.”

Masikio nayo ni makubwa. Hukuwahi kuchonga masikio makubwa. Na mwandiko wako umelala upande, kama majani baada ya mvua ya mawe. Je, unaandikia magotini?

Kamba umeipoteza? Kama umeipoteza sema tu, nitakutumia nyingine.

Krismasi tutakuona siku ngapi? Baba yako haniulizi, wewe unajua hatusemezani mambo ya nyumba, lakini juzi alipita njiani, akasimama mbali, akamwambia mbwa kwa sauti kubwa kwamba wenye watoto wanaofanya kazi Elburgon huwa wanajua siku ya kufika kwao.

Nyanchera


Elburgon, 7 Desemba 1969

Mama Kemuma,

Kamba ipo. Ni patasi zilizobadilika.

Krismasi hii sitaweza. Langoni hawana mtu wa kushika nafasi yangu. Nimetuma sukari, na gauni la mtoto. Mwambie Mama amweleze Baba.

Obadiah Nyamongo


Manga, 17 Mei 1970

Baba Kemuma,

Nimefanya jambo na ni lazima ulijue kabla hujalisikia kwa watu.

Miaka yako miwili ilikwisha Februari. Sikukuandikia kuhusu hilo. Nilidhani unaweza kuhesabu.

Jumapili iliyopita tulicheza soko la Manga. Makori alikuwa ametunga mchezo mpya wa kijana aliyeenda kazi mbali akasahau nyumbani. Nilimwambia mchezo huo ni wa wanaume wengi, si wa mmoja, naye akaapa ndivyo. Lakini kichwa cha kijana tulicho nacho ni kimoja tu. Basi uso ukawa wako na mkono wangu.

Baba yako hajawahi kuja kututazama. Anajua ni nani yuko nyuma ya shuka, na ensoni, ile heshima ya mkwe, haimruhusu kukaa akisikiliza mke wa mwanawe akisema ovyo mbele za watu. Ila mtu alimwambia, “Nyasani, mwanao yuko sokoni anazungumza.” Akaja. Nilisikia watu wakimpisha. Niliona kupitia kitundu cha shuka: alisimama mbele kabisa, fimbo mkononi, hatua mbili kutoka pazia.

“Nyamongo,” akasema.

Watu wakacheka. Kisha wakaacha.

“Nyamongo, nakuuliza wewe.”

Makori aliniminya bega niondoe kikaragosi. Sikuweza. Ningekuondoa mbele ya baba yako bila neno, ingekuwa umempa mgongo. Nikakohoa kama wewe. Nikasema, “Baba, nipo.”

“Umekonda.”

“Ni kazi, Baba.”

“Huku pia kuna kazi. Ua wa ng'ombe umeanguka upande wa mto. Nimeuacha hivyo. Nani atausimamisha?”

“Mimi.”

“Lini?”

Hapo nilipaswa kusema mchezo umekwisha. Loice alikuwa tayari na wimbo. Lakini mzee alikuwa amesimama na uso ameuinua kuelekea ule uso wa mti. Hakuwa anacheza, wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua ni mimi. Mimi na yeye tumekaa boma moja miaka sita bila kusemezana maneno kumi mfululizo, na hiyo ndiyo nafasi pekee aliyopata ya kuniuliza.

Nikasema, “Kabla ya Krismasi.”

Akageukia watu. “Hawa wote wamesikia,” akasema. Akaenda zake.

Tangu Jumatatu anakata nguzo. Amekata kumi na saba. Amezilaza pale ua ulipoanguka, na vijana wa jirani walipokuja kumsaidia kuzisimamisha aliwafukuza. Amesema zina mwenyewe. Usiku ng'ombe wanafungwa kwa kamba.

Nimekuahidi kwa kinywa chako bila kukuuliza. Nakiri kosa. Sasa njoo.

Nyanchera


Elburgon, 14 Juni 1970

Mama Kemuma,

Hukupaswa kufanya hivyo. Mti ni mti. Ungesema mchezo umekwisha, watu wangeenda nyumbani.

Siwezi kuja kujenga ua. Mwambie Baba akodi watu, nitatuma cha kuwalipa. Na karakana ya Nyamira nadhani tuiache kwanza. Mambo hayakuwa kama nilivyofikiri.

Cheza na wenzako. Mnafanya vizuri bila mimi.

Vichwa viwili vinakuja na basi.

Obadiah Nyamongo


Manga, 16 Agosti 1970

Obadiah,

Nimeweka vichwa vyote mezani, vya zamani upande mmoja na vipya upande mwingine, nikavitazama mchana mzima mtoto akiwa kwa bibi yake.

Vile vya zamani kisu kinatoka kulia kwenda kushoto. Vipya kinatoka kushoto kwenda kulia. Vile vya zamani masikio ni madogo, yamelala. Vipya yamesimama kama ya mbuzi. Tundu la zamani ni la kidole changu. La vipya nimeingiza kidole changu pamoja na kijiti cha kiberiti na bado kuna nafasi.

Mtu anayechonga hivi si wewe. Na anapotaka kipimo hatumii kamba iliyo msumarini. Anapima kidole kilicho karibu.

Nauliza mara moja tu. Hicho kidole ni cha nani?

Nimejiambia pengine ni mwanamke wa huko, amejifunza kazi yako, mnakaa pamoja mlangoni jioni. Nimemwona mara nyingi sasa. Sura sijaipata, ila ana vidole vinene.

Elburgon si ng'ambo. Basi linaondoka asubuhi, ukibadilisha Kericho, jioni uko Kisii. Mtu asiyekuja kutoka Elburgon hajazuiwa na njia. Kama yuko, andika jina lake, ili nijue la kumwambia baba yako. Nguzo zile zimeanza kuota uyoga, na kila asubuhi anazigeuza upande wa pili zikauke.

Shuka la buluu limepasuka. Nimelishona. Sikutaka kununua lingine.

Nyanchera


Elburgon, 6 Septemba 1970

Kwa Mama Kemuma,

Salamu shemeji. Mimi ni Ombui, yule wa Nyacheki. Hatujaonana lakini nakujua, nimelala chini ya kidole yako miaka mbili na nusu.

Barua yako bwana yako alisoma akaweka chini ya godoro. Amekaa siku tatu hakuli vizuri. Mimi nikatoa nikasoma. Hiyo ni makosa, nimekubali, unaweza kunitusi tukikutana.

Huyo mwanamke wa vidole nene ni mimi.

Mimi ndiye nachonga hizo kichwa tangu mwaka jana. Mkono yangu ni ya kushoto. Hiyo masikio ni ya baba yangu, siwezi kuchonga ingine. Kamba yako iko pale msumari lakini bwana yako hakubali mtu aiguse, hata mimi, kwa hivyo nikapima na kidole yangu nikadhani wanawake wa Manga ni wakubwa.

Shemeji, tarehe tano mwezi wa sita mwaka jana msumeno ilikula mkono yake ya kulia. Gogo iliteleza. Vidole mbili za mwisho zimeenda, ile ya mwisho kabisa na ile ya kuvaa pete. Alilala hospitali wiki saba. Nilitaka kuandika akaniapisha kwa Biblia, mimi mtu wa kanisa nikaapa. Sasa nimevunja.

Kuandika anaweza, kalamu anashika vizuri. Kisu ndio hapana. Kisu inataka ngumi ifunge, na ngumi yake haifungi. Alijaribu mara ya kwanza ikaruka, mara ya pili ikamkata goti. Akanipatia patasi zote. Jioni anakaa hapo mlangoni ananiambia toa hapa, acha hapa, lakini mikono yangu si yake.

Anasema baba alimpeleka Tabaka kujifunza, na wewe ulingojea fundi, atarudi na nini. Mimi nimemwambia utarudi na miguu. Amekasirika.

Mwanamke hakuna. Angekuwa, ningekuwa nimehama hiyo chumba.

Ni mimi Ombui


Manga, 27 Septemba 1970

Baba Kemuma,

Ombui ameniandikia. Usimgombeze. Alivunja kiapo kibaya.

Nilisoma barua yake nikiwa nimesimama mbele ya shule, kisha nikamwomba Makori anishikie darasa. Nilikwenda mpaka ukingoni, pale Manga inapokatika na unaona nyanda zote za chini. Ulipokuwa umelala hospitali wiki saba mimi nilikuwa hapa nikicheza Mzee Majani Manne, na watu wakicheka. Hilo nitakuwa nalo muda mrefu. Hukunificha vidole viwili tu. Ulinificha wiki saba ambazo ningekuwa nimekaa kando ya kitanda hicho.

Nimekasirika, na sitaki ufikiri nimemaliza kwa sababu mistari inayofuata ni mizuri zaidi.

Mwaka mzima mwandiko wako ulinidanganya. Nilidhani mkono unaoandika hivi, hata mwandiko ukiwa umelala, ni mzima. Jana nilishika kalamu nikaitazama. Kalamu inashikwa na vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Ndiyo maana sikujua.

Kisha nikavaa kikaragosi.

Cha shahada shingoni. Gumba mkono huu. Cha kati mkono ule. Viwili vilivyobaki nilikunja kiganjani kama kawaida. Nilikuandikia hayo katika barua yangu ya kwanza kabisa, mwezi wa nne mwaka wa sitini na nane. Rudi uisome kama unayo. Nilisema havina kazi.

Kila siku nasumbuka na Makori avikunje vidole hivyo na hajaweza. Wewe huna haja ya kufundishwa.

Uliahidi utasimama nyuma ya pazia pamoja nami. Hukuahidi kuchonga tu. Kuchonga achonge Ombui. Mwambie nimempokea awe fundi wetu, apewe ruhusa ya kugusa kamba, na baba yake apunguziwe masikio. Ua wa ng'ombe haujengwi na mtu mmoja hata mwenye vidole kumi. Wewe utashika nguzo, wengine tutashindilia udongo. Nani alisema lazima utwange mwenyewe?

Baba yako sijamwambia. Vidole vya mwanawe si habari ya kuletwa na mimi. Ila nina neno moja kuhusu hilo. Siku ile sokoni alizungumza na uso wako na mimi nikajibu. Safari hii azungumze nao, na ujibu wewe, ukiwa umesimama kando yangu ambapo hakuna anayeona mkono. Ukimaliza kusema, toka mbele ya pazia ukiwa bado umekivaa. Aone kimesimama vizuri kabla hajaona kilichomo ndani.

Kuna kazi moja tu. Tundu la kichwa chako ni la kidole changu. Chako hakitaingia. Nitumie kamba yenye kipimo cha kidole chako, fundo mahali palipo pana, nami nitalifungua kwa msumari wa moto. Nilikataa Makori alipotaka. Wewe sitakukatalia.

Kemuma bado anasalimia sanduku.

Nyanchera


Manga, 15 Novemba 1970

Baba Kemuma,

Wiki saba na hujajibu. Sasa najua wiki saba ni ndefu kiasi gani.

Baba yako amezigeuza nguzo leo tena. Amenikuta kisimani, akamwambia mbwa kwamba Krismasi inakaribia. Nami nikamwambia mbwa kwamba tunajua.

Nyanchera


Elburgon, 29 Novemba 1970

Mama Kemuma,

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi. Nilivaa kichwa cha chifu, kile chenye tundu pana ulichokirudisha na basi pamoja na barua yako, na soksi ya Ombui kuwa gauni. Siku za kwanza mkono ulitetemeka mpaka Ombui akaniuliza kama chifu ana malaria. Sasa hautetemeki. Jana chifu aliinama, akaokota njiti ya kiberiti kwa mikono miwili, akampa Ombui. Ombui aliipokea akasema asante kabla hajakumbuka.

Barua yako ya kwanza ninayo. Nimesoma uliposema havina kazi. Nilipoisoma zamani nilikuwa navyo, sikuona neno lolote la kuangalia.

Uliuliza kuhusu ile alama ya kisu chini ya sikio la kushoto na sikukujibu. Sikuwa nafikiri jambo kubwa. Niliona mwanga unaisha na nikakuona hapo Manga ukiwasha moto, nikasahau mkono unafanya nini.

Kuhusu Baba, nitafanya ulivyosema. Nitakohoa kwanza.

Kazi ya langoni nimeiacha. Patasi ziko kwa Ombui, na kamba yako nimempa aishike kwa mikono yake mwenyewe. Aliinawia mikono kwanza.

Ninapanda basi Jumapili tarehe kumi na tatu Desemba. Kamba ya kipimo changu nilikata, nikafunga fundo, nikaiweka kwenye bahasha hii. Nimeitoa tena. Tundu usilifungue. Weka msumari karibu na moto, unisubiri. Ninakuja na kidole chenyewe.

Obadiah Nyamongo